Fanny Crosby: Kipofu Aliyetuachia Nyimbo



Katika kijitabu hiki cha jubilii mtasoma historia ya kwaya yetu, majina ya walimu waliotufundisha na ratiba ya sherehe. Tumeona vyema pia tuwape maisha ya mtumishi mmoja wa Mungu ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, lakini sauti zetu zinamjua. Tumeimba nyimbo zake kwenye ibada za Jumapili, kwenye mikesha, kwenye harusi na kando ya makaburi. Tukiimba Usinipite Mwokozi, tunaimba maneno yake. Tukiimba Ndiyo Dhamana, tunaimba maneno yake. Nyimbo hizi zimezoeleka kwetu hivi kwamba mtu anaweza kudhani zilitungwa na wazee wa hapa hapa.

Jina lake ni Frances Jane Crosby. Watu walimwita Fanny Crosby, na alipozeeka wakamwita Shangazi Fanny. Alikuwa kipofu tangu uchanga wake hadi alipofariki akiwa na umri wa miaka 94. Katika miaka hiyo alitunga nyimbo za kumsifu Mungu zaidi ya 8,000. Tunataka kusimulia jinsi jambo hilo lilivyowezekana, kwa sababu kuna fundisho ndani yake kwa kila mmoja wetu anayejiona hafai.

Mtoto wa wiki sita

Fanny alizaliwa tarehe 24 Machi 1820 katika kijiji cha Southeast, jimbo la New York, nchini Marekani. Wazazi wake, John na Mercy, walikuwa watu wa shamba wasio na mali. Alipokuwa na umri wa wiki sita hivi, macho yake yalivimba. Daktari wa kawaida hakuwepo, na familia yake ilisimulia kwamba akaja mtu aliyejiita daktari, akambandika mtoto dawa ya moto ya haradali machoni. Uvimbe ulipokwisha, mtoto hakuona tena. Yule mtu aliondoka kijijini na hakurudi.

Kabla mwaka haujaisha, baba yake naye alifariki. Mercy akabaki mjane wa miaka 21, na mtoto kipofu mikononi. Ilimbidi atafute kazi ya nyumbani kwa watu, na Fanny akaachwa mikononi mwa bibi yake, Eunice.

Bibi huyu ndiye aliyekuwa macho yake ya kwanza. Hakumfungia mjukuu ndani kwa kumwonea huruma. Alimtoa nje, akamtia majani mkononi ayapapase hadi ayajue, akamfundisha kumtambua ndege kwa mlio wake, akamweleza jinsi jua linavyozama na rangi za mawingu zinavyobadilika. Jioni alimsomea Biblia, na kumfundisha kwamba hakuna jambo dogo mno kupelekwa kwa Mungu katika maombi.

Fanny alipofika miaka mitano, majirani walichanga fedha ili apelekwe New York kwa daktari bingwa, Valentine Mott. Mama na mtoto wakasafiri kwa mashua ya matanga kwenye mto Hudson. Daktari akampima, kisha akasema ukweli: hakuna la kufanya. Tumfikirie mama huyo akirudi nyumbani na jibu hilo, huku akijua kwamba kijiji kizima kilichanga na kuomba. Wako kati yetu waliowahi kurudi kutoka hospitali na jibu la namna hiyo, na harambee imekwisha kutumika.

Macho hayakupona. Hilo tuliseme mapema, kwa maana historia hii haina mwisho wa kipofu kuona. Fanny aliomba, wakamwombea, na akabaki kipofu kwa miaka mingine 90. Lakini hakuachwa mikono mitupu.

Biblia iliyoandikwa moyoni

Baadaye mama na mtoto walihamia Ridgefield, jimbo la Connecticut. Mama mwenye nyumba waliyopanga, Bi. Hawley, alikuwa mcha Mungu aliyeipenda Biblia. Mercy akiwa kazini, mama huyu alimketisha Fanny na kumsomea, kisha akamtaka arudie bila kukosea. Wakati mwingine alimpa sura tano kwa wiki. Alipofikisha miaka kumi, Fanny alikuwa ameshika moyoni Injili zote nne na vitabu vitano vya Musa. Baadaye aliongeza Mithali na Zaburi nyingi.

Sisi wanakwaya tunajua maana ya kushika maneno moyoni. Wako wazee wetu ambao hawajawahi kushika karatasi ya nota, lakini wakisikia kinanda kikianza wanaingia kwenye besi yao bila kutikisika. Fanny alikuwa na kipaji hicho hicho. Asingeweza kusoma ukurasa, basi ukurasa ukaandikwa ndani yake. Miaka 35 baadaye, alipoanza kutunga nyimbo za kanisa, maneno ya Biblia yalikuwa tayari yamejaa kinywani mwake. Bi. Hawley hakujua anaandaa nini. Alikuwa tu anamfundisha mtoto wa mpangaji wake.

Akiwa na miaka minane Fanny alitunga shairi lake la kwanza. Alisema ndani yake kwamba ingawa haoni, ameamua kuridhika, na kwamba baraka alizo nazo ni nyingi kuliko za watu wengine. Haikuwa rahisi kila siku. Mwenyewe alieleza kwamba kiu ya kusoma ilimsumbua, kwa maana watoto wenzake walikwenda shule na yeye hakuwa na shule ya kumpokea. Alipokuwa na miaka 11 bibi Eunice alifariki. Kabla ya kufa alimwuliza mjukuu wake kama watakutana nyumbani kwa Baba. Swali hilo lilibaki moyoni mwa Fanny kwa karibu miaka 20.

Shule, na tauni ya kipindupindu

Mwaka wa 1835, siku chache kabla hajafikisha miaka 15, Fanny alipokelewa katika Taasisi ya Vipofu ya New York. Huko alijifunza kupiga piano, kinubi, gita na kinanda, na kuimba sauti ya kwanza. Hesabu zilimshinda kabisa. Lakini mashairi yalimjia kama maji ya chemchemi, na wageni walipofika shuleni aliitwa ayasome kwa moyo. Mkuu wa shule aliona sifa zimeanza kumlevya, akamwita na kumwonya kwamba kipaji hutoka kwa Mungu, na sifa za watu zinaweza kukiharibu. Onyo hilo lilimchoma, lakini alilishukuru maisha yake yote.

Mwaka wa 1844 alikwenda Washington pamoja na wanafunzi wenzake, akasoma mashairi yake mbele ya wajumbe wa Bunge la Marekani, ili nchi ione kwamba vipofu wanaweza kufundishwa. Baadaye akawa mwalimu katika taasisi hiyo hiyo.

Mwaka wa 1849 kipindupindu kiliingia New York. Wenye uwezo walikimbia mji. Fanny alibaki shuleni kuwauguza wanafunzi. Alikuwa na miaka 29, haoni, na kila siku alisikia watu wakifa. Baadhi ya watoto aliowajua kwa sauti zao walizikwa. Alitoka katika siku zile akiwa amechoka mwili na roho. Alikuwa ameijua Biblia tangu utoto na aliwafariji wengine kwa maneno yake, lakini sasa swali la bibi yake lilimrudia kwa uzito: je, mimi mwenyewe niko tayari?

Wimbo uliomfikia

Katika vuli ya mwaka wa 1850 palikuwa na mikutano ya uamsho katika kanisa moja la Kimethodisti mjini New York. Fanny alihudhuria kila jioni. Mara mbili alikwenda mbele kuombewa, na mara zote mbili alirudi nyumbani bila amani. Jioni ya tarehe 20 Novemba alikwenda mara ya tatu, peke yake. Waombaji waliomba kwa muda mrefu, na bado hakusikia kitu.

Ndipo kanisa likaanza kuimba wimbo wa zamani wa Isaac Watts juu ya mateso ya Kristo. Walipofika ubeti wa mwisho, ambao mwimbaji anajitoa mwenyewe kwa Bwana kwa kuwa hana kingine cha kutoa, Fanny aliinuka kwa furaha. Alieleza baadaye kwamba kwa mara ya kwanza alitambua alikuwa amejaribu kuishika dunia kwa mkono mmoja na Bwana kwa mkono mwingine.

Hapa tunaomba wanakwaya wote wasimame kidogo. Isaac Watts alikuwa amekufa miaka 102 kabla ya jioni ile. Watu waliouimba wimbo wake hatuyajui majina yao. Huenda wengine walikuja wamechoka na kazi, na mmoja aliimba nje ya ufunguo. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba mwanamke kipofu pale mbele angetunga maelfu ya nyimbo zitakazofika hadi kwetu. Waliimba tu ubeti wao hadi mwisho. Tunapoona watu wameketi kimya kanisani na tukadhani hatujamgusa yeyote, tuikumbuke jioni ile.

Kazi ilianza akiwa na miaka 43

Tarehe 5 Machi 1858 Fanny aliolewa na Alexander van Alstyne, mwanamuziki na mpiga kinanda, ambaye pia alikuwa kipofu. Walipata mtoto mmoja, na mtoto huyo akafariki akiwa mchanga sana. Fanny hakupenda kulizungumzia jambo hilo. Hata leo machache yanajulikana.

Wakati huo tayari alikuwa ametunga maneno ya nyimbo za kawaida pamoja na mwalimu wa muziki George Root, na baadhi yake zilipendwa nchi nzima. Lakini nyimbo za kanisa hakuwa ameanza. Mwanzoni mwa 1864 alikutana na William Bradbury, yule aliyetunga tuni ambayo watoto wetu wa Shule ya Jumapili huimba kwamba Yesu anawapenda. Bradbury alikuwa akitafuta mtu wa kumwandikia maneno. Fanny alimletea wimbo wake wa kwanza mwezi Februari mwaka huo, akiwa na miaka 43. Alisema kwamba siku hiyo alijua amepata kazi aliyoumbiwa.

Tukihesabu kwa akili ya binadamu, alikuwa amechelewa. Lakini kutoka siku hiyo alifanya kazi kwa miaka 50.

Namna yake ya kutunga ilikuwa hivi. Kwanza aliomba. Kisha alitunga wimbo mzima kichwani, akausahihisha kichwani, na kama wapo wengine waliongoja, akauweka kando kichwani humo humo. Akipata mwandishi, alimwambia maneno naye akayaandika. Wakati mwingine alitoa nyimbo sita au saba kwa siku moja. Wachapishaji waliona aibu kujaza kitabu kwa jina la mtu mmoja, hivyo akatumia majina mengine mengi, karibu 200. Kwa kila wimbo alilipwa dola moja au mbili. Mapato ya vitabu yaliingia kwa wengine.

Hakutajirika, wala hakutafuta utajiri. Aliishi katika vyumba vya kupanga kwenye mitaa ya maskini mjini New York, na alichopata zaidi ya mahitaji yake aligawa. Alisimulia kwamba siku moja alihitaji dola tano na hakuwa nazo. Alipiga magoti akaomba, na muda mfupi baadaye mtu asiyemjua akabisha mlango, akamsalimu na kumwachia mkononi kiasi hicho hicho. Kutokana na mshangao wa siku hiyo alitunga wimbo juu ya Mwokozi anayetuongoza njia yote, na Robert Lowry akautilia tuni.

Nyimbo zilizotoka kwa watu

Hatupaswi kudhani kwamba Fanny alikaa chumbani akingoja nyimbo zishuke. Nyingi zilitoka kwa watu aliowatembelea.

Wimbo wa Usinipite unasimuliwa kwamba ulianza gerezani. Mwaka wa 1868 Fanny alikwenda kuzungumza na wafungwa, na mmoja wao akalia kwa sauti, akimsihi Bwana asimpite. Kilio hicho kilimfuata hadi nyumbani. William Doane, mfanyabiashara aliyekuwa pia mtunzi wa muziki, alitunga tuni yake. Kwa hiyo tunapouimba wimbo huo tukiwa na sare safi na viatu vilivyong'arishwa, tunaazima kilio cha mfungwa.

Mwaka uliofuata, jioni yenye joto kali, alikuwa katika kituo kimoja cha injili kilichohudumia walevi na watu wasio na makao. Alipokuwa akizungumza alihisi kwamba kuna kijana pale ambaye lazima aokolewe usiku ule, akasema hivyo wazi. Kijana wa miaka 18 hivi akajitokeza na kusema aliahidi mama yake wakutane mbinguni, lakini kwa jinsi anavyoishi haiwezekani. Wakaomba pamoja. Fanny alitunga usiku huo huo wimbo wa kuwaokoa wanaopotea. Miaka zaidi ya 30 ilipita. Mwaka wa 1903, katika mkutano mmoja huko Massachusetts, mwanamume mmoja alimshika mkono akamwambia kwamba yeye ndiye kijana yule.

Wimbo wa usalama mikononi mwa Yesu ulitungwa tarehe 30 Aprili 1868. Doane aliingia kwake kwa haraka, akiwa na dakika 40 tu kabla ya kupanda gari la moshi. Alimpigia tuni aliyoleta, naye Fanny akaenda chumbani, na baada ya nusu saa maneno yakawa tayari. Wimbo huo aliuthamini hasa kwa ajili ya akina mama waliofiwa na watoto. Mwanamke aliyeutunga alikuwa ameshika mtoto wake na kumpoteza. Kwaya yetu imeimba kando ya makaburi madogo, na tunajua jinsi ilivyo vigumu kumaliza ubeti pale. Ni faraja kujua kwamba nyimbo kama hizi zilitungwa na mtu aliyepita njia hiyo.

Mwaka wa 1873 rafiki yake Phoebe Knapp alimletea tuni mpya, akaipiga, kisha akamwuliza inasema nini. Fanny alisikiliza na kujibu kwamba tuni hiyo inasema juu ya dhamana iliyo kwa Yesu. Ndivyo tulivyoupata wimbo wa Ndiyo Dhamana.

Miaka ya mwisho

Katika miaka ya 1870 wahubiri Moody na Sankey walizibeba nyimbo zake hadi Uingereza, na kutoka huko wamisionari wakazichukua mbali zaidi. Zikatafsiriwa, zikaingia katika Tenzi za Rohoni na vitabu vingine, na wazee wetu wakazifundishwa kwa do-re-mi.

Maisha ya nyumbani ya Fanny hayakuwa laini. Katika miaka ya baadaye yeye na mumewe waliishi kila mmoja kwake, ingawa waliendelea kuwa marafiki. Mwaka wa 1900, akiwa na miaka 80 na afya imedhoofika, ndugu zake walimhamishia Bridgeport, Connecticut. Mumewe alifariki mwaka wa 1902. Fanny aliendelea kutunga, kusafiri na kuzungumza, hadi alipolala tarehe 12 Februari 1915, akiwa amebakiza wiki chache kutimiza miaka 95. Juu ya kaburi lake liliwekwa jiwe dogo tu, lenye jina Shangazi Fanny na maneno ya Bwana Yesu juu ya yule mwanamke aliyempaka marhamu, kwamba alifanya alichoweza.

Hata baada ya kifo chake kazi haikukoma. Wimbo wake wa kumpa Mungu utukufu kwa mambo makuu aliyoyatenda ulichapishwa mwaka wa 1875, lakini kwao Marekani ulisahaulika. Ulipata umaarufu baada ya kuimbwa katika mikutano ya Billy Graham mjini London mwaka wa 1954. Mtunzi alikuwa kaburini miaka 39.

Tunajifunza nini

Inasimuliwa kwamba mhubiri mmoja alimhurumia Fanny, akashangaa kwa nini Mungu aliyempa vipaji vingi hivyo hakumpa macho. Fanny alimjibu kwamba kama angeulizwa wakati wa kuzaliwa, angeomba awe kipofu, ili uso wa kwanza kuuona uwe uso wa Mwokozi wake. Yule aliyemharibu macho alimsamehe, na alisema kama angekutana naye angemshukuru.

Maneno hayo tuyapokee kwa uangalifu. Fanny aliyasema juu yake mwenyewe. Sisi hatuna ruhusa ya kumwambia mwenye ulemavu ashukuru kwa ulemavu wake, wala kumwambia mgonjwa kwamba hajapona kwa kuwa imani yake ni ndogo. Imani ya Fanny haikuwa ndogo, na macho yake hayakufunguka. Mtume Paulo naye aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, nao haukuondolewa, kama tunavyosoma katika 2 Wakorintho 12. Alichopewa kilikuwa neema ya kutosha, na nguvu zinazokamilika ndani ya udhaifu.

Na tukitazama vizuri, tutaona nguvu hizo zilimfikia Fanny kwa njia gani. Zilimfikia kwa bibi aliyemwonyesha dunia kwa vidole. Zilimfikia kwa jirani aliyemsomea sura tano kwa wiki, kwa mkuu wa shule aliyemwonya, kwa kanisa lililoimba hadi ubeti wa mwisho, kwa waandishi waliomwandikia na watunzi waliomletea tuni. Fanny hangeweza kuandika wimbo wake mwenyewe kwenye karatasi. Udhaifu wake ulimfanya awahitaji wengine, na Mungu alipita mlango huo huo. Ndiyo maana tunasema kumtegemea Mungu si kukunja mikono. Wakati mwingine jibu la maombi ya ndugu yako ni wewe kumsomea.

Kwaya nayo ni hivyo. Hakuna mmoja wetu mwenye sauti zote nne. Wako wasioweza kusoma nota, wako wenye pumzi fupi, wako ambao magoti hayawaruhusu kusimama ibada nzima, wako walioacha kuja kwa sababu macho yamefifia na hawauoni tena ukurasa. Miaka hii ya jubilii haikuletwa na waimbaji wasio na kasoro. Mungu amewatumia hawa hawa, kila mmoja akimtegemeza mwenziwe, mwenye macho akimnong'oneza mstari asiyeona, mwenye sauti imara akimbeba aliyechoka.

Basi, kama uko nyumbani ukidhani wakati wako umepita, kumbuka Fanny alianza akiwa na miaka 43. Kama huoni, njoo, tutakufundisha kwa sikio, kwa maana nyimbo tunazoimba zilitungwa na mtu wa kusikia. Na kama wewe una nguvu, tafuta mmoja wa kumshika mkono aje mazoezini.

Mungu wa Fanny Crosby ndiye Mungu wetu. Atukuzwe katika jubilii hii, na katika udhaifu wetu. Amina.